Swali la lugha: mfereji wa ioni au kilango cha ioni?

SWALI: Nimetafsiri makala ya tiba na kuandika, "Mifereji nyeti ya kimakanika ya ioni ina nafasi katika ugonjwa wa mishipa." Wasomaji wangu hawakuelewa. Nimekosea wapi?

JIBU: Sarufi haina kasoro; maneno ndiyo yanayompeleka msomaji kusiko. Wanafizikia wana neno umakanika, lakini kwa wengi makanika ni fundi wa magari. "Nyeti" nayo huvuta mawazo kwenye sehemu za siri. Viache vivumishi hivyo, tumia kitenzi: "vinavyohisi msukumo".

Kosa kubwa ni "mfereji". Mfereji uko wazi muda wote. Maji yakija, yanapita. Lakini vinavyozungumziwa hapa ni protini zilizo kwenye utando wa seli, zinazopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme; hizo hufunguka na kujifunga kwa sehemu ndogo ya sekunde, na habari yote ya ugonjwa imo katika kufunguka huko. Kiswahili tayari kinasema mlango wa uzazi na mlango-bahari, yaani njia nyembamba ya kupitia. Basi andika kilango, vilango. "Chaneli" si kosa, ila wengi watawaza televisheni.

Kisha andika "hufunguka" badala ya "hufunguliwa". Hufunguliwa humfanya msomaji amtafute mfunguaji, ilhali hapa utando ukivutwa tu, kilango chenyewe huachia. Ndivyo ilivyo Piezo1, mojawapo ya protini hizi, iliyotambuliwa mwaka 2010 katika maabara ya mwanasayansi Ardem Patapoutian, Marekani. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushinikiza. Libakize lilivyo, na upatanisho ufuate kilango: "kilango cha Piezo1 kinafunguka".

Tenganisha pia shinikizo na msuguano. Shinikizo la damu husukuma ukuta wa mshipa kuelekea nje. Msuguano ni damu kuparuza ukuta wa ndani ikipita. Ukiviita vyote "presha", maelezo yanavurugika.

"Mishipa" ni pana mno, maana hata neva huitwa mshipa wa fahamu. Sema ateri, na uieleze kuwa hutoa damu moyoni. Usiandike "mshipa wa damu yenye oksijeni": ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni.

Ningeandika hivi:

"Seli za ukuta wa ndani wa ateri zina vilango vya ioni vinavyohisi msuguano wa damu. Mkondo ukiwa tulivu, kilango cha Piezo1 hufunguka, kalsiamu huingia, na seli hutoa nitriki oksidi inayolegeza ateri. Kwenye njia panda, kama pale ateri kuu ya shingo inapogawanyika, mkondo huyumba. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa hapo kilango hichohicho huchangia inflamesheni (mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta uvimbe), na ndipo tabaka la mafuta hupenda kujijenga."

Ndiyo, imekuwa ndefu mara kadhaa kuliko yako. Usiifupishe kwa kurudisha vivumishi.