Siku ya Kuchangia Damu: Klabu Ianze na Kalenda

Klabu nyingi za huduma kwa jamii, ziwe za Rotary, za Lions au vikundi vya mtaani visivyo na jina kubwa, huweka kuchangia damu kwenye ratiba ya mwaka. Nyingi huchagua tarehe ileile: 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu. Ni siku nzuri kwa mabango na hotuba. Lakini damu iliyo kwenye mfuko wa kawaida, ikitunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, hudumu siku 35. Ya 14 Juni, ikifika 19 Julai, muda wake umekwisha. Chembe sahani, yaani sehemu ya damu inayosaidia kugandisha, ndizo zenye maisha mafupi zaidi: siku tano tu. Mama atakayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua mwezi Desemba hatasaidiwa na sherehe yenu ya Juni, hata kama mlijaza uwanja.

Kwa hiyo mnapopanga shughuli za mwaka, fuateni kalenda ya hospitali. Nchini Tanzania damu hupungua shule zinapofungwa, Juni na Desemba, kwa sababu wanafunzi wa sekondari na vyuo ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Mahitaji nayo hupanda msimu wa masika na baada yake, malaria inapowamalizia damu watoto wadogo. Mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Klabu inayoandaa shughuli kila miezi mitatu huwaacha wanawake nje ya kila zamu ya pili, nao wakirudishwa mara moja wengi hawaji tena. Kwa klabu ndogo mpango unaofaa ni mara tatu kwa mwaka: mwanzoni mwa Aprili, mwanzoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Desemba. Ya Desemba itafika hadi mwaka mpya, ya Aprili itakuta masika.

Hapo kuna mtego mdogo. Msiandike "Jumamosi ya pili ya mwezi" mkadhani mmemaliza. Jumamosi ya pili ya Desemba 2025 ni tarehe 13, na ya Aprili 2026 ni tarehe 11. Mwanamke aliyechangia Desemba amepungukiwa siku mbili, na muuguzi anayefuata utaratibu atamrudisha. Hesabuni wiki 18 kutoka shughuli iliyopita. Angalieni pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Ikigongana na tarehe yenu, sogezeni, au ombeni timu ya kituo cha damu ije jioni baada ya futari. Kumtoa damu mtu aliyefunga tangu alfajiri ni kumtafutia kuzimia.

Tarehe ikishajulikana, barua iende kituo cha damu salama cha kanda au maabara ya hospitali ya mkoa wiki sita kabla. Wiki nne ni mwisho kabisa, kwani timu na gari ni vichache na huombwa na wengi. Barua itaje tarehe, saa, mahali pamoja na alama ya kupatambua, idadi ya watu mnaotarajia, kama kuna umeme na maji, na simu za watu wawili wa klabu. Wawili, kwa sababu yule mmoja siku hiyo atakuwa anatafuta viti.

Idadi isikisiwe kwa furaha. Damu yenyewe hutoka kwa dakika kama kumi, lakini kitanda kimoja kikihesabiwa na kujiandaa, kufunga jeraha na kushuka, hupokea watu watatu kwa saa bila haraka. Vitanda vinne kwa saa tano ni watu 60, basi. Mkiita 300 waje saa tatu asubuhi, zaidi ya 200 watasimama juani na kwenda kusimulia mtaani kwamba mambo yenu hayana mpango. Gaweni watu kwa saa: kwaya saa tatu, bodaboda saa nne, watumishi wa soko saa tano. Kwa upande mwingine, si kila anayefika atachangia. Ukitaka chupa 50, andikisha watu 80.

Wanaorudishwa ni wa aina nyingi: uzito chini ya kilo 50, umri nje ya miaka 18 hadi 65, mjamzito, anayenyonyesha, aliyeugua malaria karibuni, aliye kwenye dozi ya dawa. Wengi kati yao wangeweza kubaki nyumbani kama tangazo lingesema mapema. Kundi jingine hurudishwa na kipimo cha wingi wa damu. Muuguzi hutoboa kidole na kudondosha tone kwenye maji ya bluu ya mrututu yaliyochanganywa kwa uzito maalumu. Tone likizama moja kwa moja ndani ya sekunde 15, wingi wa damu umefika gramu 12.5 kwa desilita. Likielea au kusitasita katikati, basi siku hiyo hapana. Mwambieni aliyerudishwa hapo aende kituo cha afya akapimwe zaidi. Msimwache aondoke akidhani amefedheheshwa.

Mahali pa kufanyia ndipo klabu nyingi hukosea, maana huchagua panapoonekana kwenye picha. Hema la turubai saa saba mchana Dar es Salaam ni tanuri, na joto huongeza kuzimia. Tafuteni ukumbi wa chini wenye madirisha, choo, maji ya bomba na umeme, na waya wa kuongezea umeme wa mita kumi. Meza sita, viti 30 vyenye mgongo. Vitanda timu huja navyo, lakini ulizeni. Jambo moja ambalo mimi nisingelegeza ni kona ya mahojiano. Mchangiaji huulizwa kuhusu maisha yake ya ndoa na nje ya ndoa. Akiulizwa huku mjumbe wa mtaa amekaa kiti cha pili, atadanganya, na uongo huo ni hatari kwa mgonjwa, kwani vipimo vya VVU, homa ya ini B na C na kaswende vinaweza visione maambukizi ya siku chache zilizopita. Pazia halitoshi, sauti hupita. Iwe ni chumba, au umbali wa hatua kumi na muziki kidogo upande wa kusubiri.

Tangazo lianze wiki tatu kabla. Misikiti Ijumaa, makanisa Jumapili, kikundi cha WhatsApp, na jioni ya mwisho bajaji yenye kipaza sauti ikiwa serikali ya mtaa imeridhia. "Wote mnakaribishwa" halina kazi. Andikeni hivi:

"Kuchangia damu. Jumamosi tarehe 6, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, ukumbi wa shule ya msingi nyuma ya soko. Umri 18 hadi 65, uzito kilo 50 au zaidi. Kula vizuri kabla ya kuja, kunywa maji mengi, njoo na kitambulisho. Wajawazito na wanaonyonyesha tunawaomba wasubiri. Hakuna malipo, hakuna kulipwa."

Kwenye chakula, semeni ni kipi. Ugali na maharage au ndizi ni sawa. Chipsi na nyama ya kukaanga asubuhi hiyo si sawa, kwa sababu mafuta huifanya sehemu ya majimaji ya damu kuwa nyeupe kama maziwa na kuvuruga vipimo. Maji nusu lita muda mfupi kabla ya kulala kitandani hupunguza kizunguzungu, kwa hiyo chupa ya maji igawiwe mlangoni badala ya mwisho.

Uvumi nao una zamu yake. "Damu yetu wanaiuza" mtausikia, na kwa wazee wa Pwani bado lipo lile la mumiani, wanyonya damu. Msibishane. Mleteni mtaalamu wa maabara kwenye mkutano wa mtaa wiki moja kabla, aeleze mfuko wa mililita 450 unakwenda wapi baada ya kufungwa, na ajibu maswali bila kukasirika. Gari liwe na nembo, kazi ifanyike mchana. Zawadi za fedha au bahati nasibu msiziguse. Zinamvuta mtu mwenye shida anayeweza kuficha ugonjwa.

Siku yenyewe, mwanachama makini zaidi asiwe kwenye meza ya kuandikisha. Mwekeni kwenye soda na biskuti. Watu wachache huzimia kitandani; wengi huzimia wakiinuka, au dakika chache baadaye wakiwa wamesimama wanacheka na wenzao. Dalili ni jasho jembamba kwenye paji la uso, miayo, midomo kupauka. Mlazeni hapohapo sakafuni, miguu juu ya kiti, legezeni mkanda, fukuzeni umati, iteni muuguzi. Kila aliyechangia akae dakika 15 kabla ya kuondoka, na dereva wa bodaboda zaidi ya hapo. Mkono uliotobolewa usibebe ndoo wala gunia siku hiyo.

Funga saa nane hata kama kuna foleni. Kituo kikitaka kutenganisha chembe sahani, kwa kawaida damu hushughulikiwa katika muda usiozidi saa nane tangu itolewe, na barabara ina mambo yake. Msitangaze pia kwamba kila chupa imeokoa watu watatu. Hilo huwezekana pale tu kituo kina mashine ya kutenganisha.

Taarifa itoke ndani ya siku mbili: waliofika wangapi, waliorudishwa wangapi na kwa sababu zipi kwa jumla, chupa zilizopatikana, tarehe ijayo. Picha ni za waliokubali kupigwa. Majibu ya vipimo na makundi ya damu ni ya mchangiaji na kituo. Katibu asiyaombe, na orodha yoyote ya majina isiingie kwenye kikundi cha simu.

Mwaka wa klabu za Rotary na Lions huanza 1 Julai na viongozi wapya. Tarehe ya Agosti kwa hiyo iombwe na viongozi wanaoondoka, barua ipokelewe na kugongwa muhuri mwezi Juni, na nakala yake iwe ndani ya faili la makabidhiano pamoja na namba ya simu ya mratibu wa kituo.