Gari kuchemsha ukipanda Kitonga

Ndugu, umesema Corolla yako ya zamani inachemsha ukipanda mlima wa Kitonga kule Iringa, ila tambarare haina neno, na fundi anataka kufungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, akishuku gasketi yake. Mzuie kwanza. Injini ikishapoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta (tangi la kupooza maji ya injini) ukague mpira wa hicho kifuniko. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, presha inayozuia maji kuchemka mapema haikai, na huku kwetu nyanda za juu maji huchemka mapema: Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama nyuzi 94 tu. Kifuniko kipya ni bei ndogo. Angalia pia mapezi ya rejeta, vumbi na wadudu huyaziba. Gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini, ishuku maji yakipungua bila kuvuja popote, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Na tafadhali sana, acha kujaza maji ya mtoni, yanaleta kutu, weka kulanti, maji maalumu ya kupooza injini.