Dona nayo ni wanga jamani

Mhariri habari za kazi, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu mwenye kisukari anaweza kuishi bila ugali na wali, nimeona nijibu kwa urefu kidogo manake hili naliishi, niko Tanga na nina kisukari aina ya pili tangu 2019.

Mwanzoni nilipotea. Niliambiwa acha sukari nikaacha, chai kavu, soda sigusi, halafu nikahama sembe nikaenda dona kwasababu mtaani kila mtu anakwambia dona haina sukari, basi nikawa napiga bonge la dona sahani imejaa na roho yangu safi kabisa, asubuhi napima sukari kwenye damu nakuta 12, 13 (mmol/L), iko juu. Baadae sana ndo nikaelewa kwamba karibu robo tatu ya unga wa mahindi ni wanga, uwe sembe uwe dona, na wanga ukishaliwa unavunjwa unakuwa sukari ileile. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, ndio, inapandisha taratibu kidogo, ila ukila mlima utapanda mlima. Muhogo, magimbi, ndizi mbichi, uji wa ulezi, chapati, vyote ukoo mmoja.

Kilichonifungua macho ni mashine ya kupimia sukari. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ni ghali najua, lakini nunua hata chache, pima kabla ya kula, pima tena masaa mawili toka tonge la kwanza, andika kwenye daftari ulikula nini. Mimi wali sahani nzima na maharage ulinifikisha 15. Wali huohuo vijiko vitatu, na samaki wa kupaka na mchicha nusu sahani, 8.9, na kliniki waliniambia baada ya kula nisivuke 10. Kwahiyo sikuacha wali wala ugali moja kwa moja, mchana nakula ugali usiozidi ngumi yangu, nusu ya sahani ni matembele au bamia au nyanya chungu, palipobaki dagaa, mayai, kuku, chochote kilichopatikana, na usiku wanga sili kabisa. Wiki mbili za kwanza kichwa kiliuma na watoto nilikuwa nawafokea bila sababu, ikapita. Kile kipimo cha damu cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kilitoka asilimia 10.2 mpaka 6.8.

Sasa hapa naomba msome vizuri. Nilikuwa natumia vidonge vya kisukari, metformini na glibenklamaidi, nikapunguza wanga bila kumwambia daktari na vidonge nikaendelea navyo vilevile. Siku ya tatu niko sokoni nachagua samaki nikasikia jasho la baridi, mikono inatetemeka, macho giza, wenzangu wakanirudisha nyumbani, mashine inasoma 2.6, sukari imeshuka mno! Binti yangu akanikorogea sukari vijiko vitatu kwenye maji nikanywa, baada ya kama robo saa nikaanza kurudi. Kumbe glibenklamaidi inaisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na insulini ya sindano nayo inashusha hivyohivyo, ukipunguza chakula dozi nayo lazima iangaliwe, na anayeiangalia ni daktari sio wewe wala jirani. Mimi walinipunguzia, baadae wakaniondolea, nikabaki na metformini. Mjamzito au mwenye tatizo la figo asianze kabisa kupunguza wanga kabla hajaongea na daktari.

Na wale wa kisukari aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini, hasa watoto, insulini isiachwe hata siku moja. Kabla haijaanza kutumika kwa wagonjwa kule Toronto 1922, madaktari waliwanyima watoto karibu wanga wote, njaa iliwasogeza siku kidogo tu halafu wakafa. Ndo maana inaniuma sana nikisikia mtu anamshauri mama aache sindano za mwanae ampe mboga na majani ya kuchemsha.

Mkwe wangu alikuwa anasema nawanyima watu chakula, mpaka Idd iliyopita alipokuja akanikuta nakula pilau kama wengine, vijiko vitano, nyama ya kutosha na kachumbari nyingi. Akakaa pembeni yangu mpaka yalipotimia masaa mawili aone mwenyewe. 9.1. Akaomba nimpime na yeye, ikaja 14, na Jumatatu tukaenda nae kliniki.