Barua kwa mwanangu: kuhusu orodha yako ya vitu vya safari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeipata orodha ya vitu unavyokusudia kubeba katika safari yenu ya kutembea milimani kwa siku tano, wewe na mwenzako, na nimeisoma kwa makini kama ulivyoomba. Umeniuliza swali moja tu: katika vitu hivi 43, ni kipi ulichokisahau? Nitakujibu, maana kweli vipo viwili vitatu ulivyovisahau, lakini kwanza nataka tuulizane kwa nini kila kimoja kati ya hivyo 43 kimo humo.

Nikiisoma orodha yako naona kwamba uliiandika ukiwa umesimama mbele ya kabati, ukitazama ulivyo navyo. Ningependa uiandike upya ukiwa umekaa na kuziwaza saa 24 za njiani: mtaamkia mahali penye baridi kiasi gani, maji mtayapata wapi, mvua ikiwashukia alasiri mtafanya nini, na giza likiwakuta kabla ya kufika kambini mtaendeleaje. Halafu ukishike kila kitu na ujiulize kama ukikikosa utadhurika au utakereka tu. Kinachozuia madhara kiingie bila mjadala, hata kikiwa kizito. Kinachoondoa kero kisubiri, na kiingie ikiwa mgongo utakiruhusu. Kwa kipimo hicho naona shoka, kiti cha kukunja, kisu cha pili, chupa nzima ya sabuni ya maji na zile fulana tano vinatoka, na kigodoro cha kulalia, ambacho hukukiandika kabisa, kinaingia.

Kipimo hiki si uvumbuzi wangu. Chama cha wapanda milima cha The Mountaineers, huko Seattle nchini Marekani, kilianza kuwafundisha wanachama wake orodha ya vitu kumi vya lazima tangu miaka ya 1930, na baadaye kikaipanga upya kwa kufuata mahitaji: kuijua njia, mwanga, kinga ya jua, huduma ya kwanza, kisu na vifaa vya kutengenezea kilichoharibika, moto, hifadhi ya dharura, kisha chakula, maji na nguo za ziada. Ukiyaweka mahitaji hayo kumi upande wa kushoto wa karatasi na vitu vyako upande wa kulia, utaona mara moja kwamba hitaji la kukata lina vitu vitatu na hitaji la kuijua njia lina simu peke yake.

Sasa tuje kwenye uzito, kwa sababu hapo ndipo hoja zote huishia. Watembeaji wengi hufuata kanuni ya kwamba shanta likiwa limejaa lisizidi takribani asilimia 20 ya uzito wa mwili. Kwako wewe mwenye kilo 65, hizo ni kilo 13. Chakula cha siku moja kwa mtu anayepanda milima kutwa ni kati ya gramu 700 na 900 kikiwa kikavu, kwa hiyo siku tano zinakaribia kilo nne. Lita moja ya maji ni kilo moja kamili, nawe umeandika lita sita, yaani karibu nusu ya mzigo unaopaswa kuubeba! Ukibeba lita mbili na kujaza njiani, utabakiwa na kilo saba kwa vitu vingine vyote, pamoja na shanta lenyewe. Chukua mizani ya jikoni, pima kila kitu kimoja kimoja, na uandike gramu zake pembeni ya jina lake. Usihangaike kukata mpini wa mswaki kama wafanyavyo wengine, kwa kuwa uzito mkubwa umo katika vitu vitatu, yaani shanta, hema na vifaa vya kulalia, na umo pia katika vitu ambavyo ninyi wawili mmeviandika mara mbili. Jiko moja na sufuria moja vinawatosha wawili. Hema ligawaneni, mmoja abebe kitambaa na mwingine abebe nguzo na vigingi.

Najua utanitajia Emma Gatewood, yule bibi aliyetembea njia yote ya Appalachian, ile njia ndefu ya miguu milimani huko Marekani, mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, na mfuko aliojishonea mwenyewe begani, na pazia la bafuni la kumkinga na mvua. Habari zake ni za kweli nami namheshimu sana, lakini mara nyingi alilala katika vibanda vya njiani na majumbani mwa watu waliomkaribisha, jambo ambalo ninyi hamwezi kulitegemea.

Kulala ndiko ninakotaka ukutazame kuliko kwingine kote. Umeandika kwamba mfuko wako wa kulalia ni wa nyuzi 5 chini ya sifuri, ila hukusema namba hiyo umeitoa wapi. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na namba zaidi ya moja: ipo ya joto ambalo mtu hulala kwa raha, ipo ya kikomo ambacho mtu aliyejikunja hukivumilia usiku kucha, na ipo ya hatari, ambayo maana yake ni kwamba mtu anaweza kunusurika lakini si kwamba atalala. Wauzaji hupenda kuitanguliza namba iliyo chini zaidi. Wewe tafuta ile ya raha, na uipangie safari kwa hiyo. Kisha ukumbuke kwamba hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo utabiri wa usiku wenye nyuzi 14 kule bondeni unaweza kuwa nyuzi 4 tu katika kambi iliyo mita 1,500 juu yake, hata kabla ya kuuhesabu upepo.

Kuhusu kigodoro, usikione kuwa ni anasa ya kulainisha mawe. Mfuko wa kulalia hukuhifadhia joto kwa hewa iliyotulia ndani ya manyoya au nyuzi zake, na upande unaoulalia hugandamizwa na uzito wako hadi hewa hiyo ikaisha, kwa hiyo mgongo wako utapoteza joto moja kwa moja ardhini hata ukiwa ndani ya mfuko wa bei kubwa kiasi gani. Uwezo wa kigodoro kuzuia upotevu huo huandikwa kwa herufi R na namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyozuia zaidi. Kwa usiku unaokaribia sifuri ningetafuta cha 3 au 4. Kwa kuwa mfuko wako ni wa manyoya ya bata, nao ukilowa hunywea na kupoteza karibu joto lake lote, ufungie ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliojitenga na vitu vingine. Ongeza pia suruali nyepesi, shati la mikono mirefu na soksi za kulalia ambazo hutazivaa mchana kwa sababu yoyote ile, hata zile za mchana zikiwa zinachuruzika maji asubuhi. Kuvaa soksi mbichi alfajiri ni kero, lakini kukosa nguo kavu usiku ni hatari.

Nguo nyingine nitazipitia upesi. Suruali ya jinzi na fulana za pamba uziache nyumbani, kwa kuwa pamba hunywa maji na jasho, hukawia kukauka, na hukupoza wakati ule ule unapohitaji joto. Vaa sufu nyembamba au kitambaa cha sintetiki mwilini, juu yake nguo ya joto, na juu ya hiyo koti la mvua lenye kofia. Soksi za kutembelea jozi mbili, kofia ya jua na ya sufu, na glavu nyepesi. Viatu umeandika vipya. Ikiwa hujavitembelea, vianze leo, na uhakikishe vina nafasi kidogo mbele ya vidole, maana miguu huvimba kwa kutembea kutwa na vidole hugonga mbele wakati wa kushuka.

Maji umeyaandika, lakini njia ya kuyasafisha hukuiandika, na hilo ndilo sahau lako la pili. Bebeni kichujio kidogo, na vidonge vichache vya klorini kama akiba, kwa sababu kila kimoja kina udhaifu ambao mwenzake huufidia. Vichujio vya kawaida vya safari hunasa bakteria na vimelea lakini virusi hupenya, ilhali klorini huua bakteria na virusi vingi lakini kimelea kiitwacho Cryptosporidium huistahimili. Kuchemsha huviua vyote. Yaachie maji yachemke kwa kutokota dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Usiku wa baridi kali kichujio kilicholowa lazima kilale nawe ndani ya mfuko, kwa sababu maji yakiganda ndani yake huvipasua vitundu vyake bila wewe kuona dalili yoyote, nawe utaendelea kukiamini.

Jiko la gesi linafaa, ila tazama kilichoandikwa kwenye mtungi. Gesi ya butane tupu huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, nanyi mtabaki na mtungi uliojaa usiowaka, kwa hiyo nunueni mchanganyiko wenye isobutane na propane. Kama mtasafiri kwa ndege, mtungi huo hauruhusiwi kabisa, wala mkononi wala kwenye mizigo, hivyo mpange kuununua mkifika. Betri ya akiba ya simu nayo husafiri mkononi tu. Na hata mvua ikinyesha vipi, msiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa. Mbali na moto wenyewe, kuna hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa wamelala.

Sahau la tatu ni ramani ya karatasi na dira. Sikatai simu, nami najua ramani zake ni nzuri ukizipakua mapema, lakini betri huishiwa nguvu upesi katika baridi, na kioo kilicholowa hakisikii kidole. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Fanyeni mazoezi ya kuisoma mkiwa bado nyumbani. Funga filimbi kwenye mkanda wa kifuani wa shanta, pale mkono unapoifikia hata ukiwa umeanguka. Ishara ya dharura inayotumika katika milima ya Alpi ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha kurudia. Tochi iwe ya kuvaa kichwani na kila mtu awe na yake. Hapo msigawane.

Huduma ya kwanza usiinunue kama kisanduku kilichofungwa tayari ukakitupia ndani bila kukifungua. Kifungue, uone kilichomo, halafu uongeze utepe mpana wa plasta kwa ajili ya malengelenge, dawa ya maumivu, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na dawa zako mwenyewe za siku mbili zaidi ya safari. Mara tu utakaposikia mahali pamoja mguuni panachoma, simama ukapabandike, hata kama mwenzako ameshatangulia. Kwa ajili ya choo, beba koleo dogo. Shimo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji.

Ukishaikamilisha orodha, ipange ndani ya shanta na uone kama inaingia. Tandika kwanza mfuko mkubwa mgumu wa plastiki ndani ya shanta lote, kwa kuwa kifuniko cha nje cha mvua hupeperushwa na upepo na upande wa mgongoni hakikingi kitu. Mfuko wa kulalia ukae chini kabisa, chakula na vitu vizito vikae katikati vikiegemea mgongo, na koti la mvua likae juu kabisa. Mkanda wa kiunoni uufunge juu ya mifupa ya nyonga hadi usikie mabega yamepumua. Kisha tembea nalo saa mbili zenye mlima, likiwa na uzito wake wote, wiki moja au zaidi kabla ya safari, ili ukiamua kukitoa kitu uwe bado na kabati la kukirudishia.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kuwa katika orodha yako kwa sababu halibebwi. Nataka karatasi yenye njia mtakayopita, mahali mtakapolala kila usiku, rangi ya hema na makoti yenu, na namba ya simu ya waokoaji wa eneo hilo, na uandike humo siku na saa ambayo, nikiwa sijasikia habari zenu, nitawapigia simu bila kusubiri zaidi. Saa hiyo mkubaliane wewe na mwenzako, kisha muiache hivyo hivyo mkiwa njiani, hata mkipendezwa na mahali mkatamani kuongeza siku. Nitumie karatasi hiyo pamoja na orodha mpya, ikiwa na gramu pembeni.

Ni mimi mama yako.