Kwa Wanaoanza Kuhesabu Viumbe vya Sakafu ya Bahari Tanga

Kila mwaka hufika Tanga vijana wawili watatu waliohitimu masomo ya sayansi ya bahari, wakiwa na kamba ya kupimia, fremu ya mraba na swali moja: je, hifadhi imeongeza viumbe vya sakafu ya bahari? Nimeifanya kazi hiyo misimu mingi katika miamba ya Mwambani, Tongoni na Kigombe, na ninawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu swali hilo, likiulizwa kwa namna hiyo, huwapoteza watu.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 552, sehemu kubwa yake ikiwa ni maji. Jina lake linatokana na samaki wa kina kirefu ambao majarife, yaani nyavu kubwa za wavuvi wa hapa, yaliwanasa kati ya mwaka 2004 na 2005. Hamtakutana na silikanti, kwa kuwa kazi yenu iko kwenye kina kifupi, penye matumbawe, nyasi bahari na mchanga. Miamba hiyo iliingia katika hifadhi ikiwa tayari imejeruhiwa kwa miaka mingi ya uvuvi wa baruti na kwa joto la mwaka 1998 lililopausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo msiihesabu tarehe ya tangazo kana kwamba ndiyo siku mwamba ulipoanza kupona.

Mahali palipopigwa baruti mtapatambua mara tu mtakapozama: shimo la duara, na ndani yake vipande vya matumbawe vyenye ukubwa wa kidole, vimelala kama kokoto na kugeuzwageuzwa na kila wimbi. Vichanga vya matumbawe vinavyoelea majini hutua juu ya vipande hivyo, hushika, kisha wimbi likivigeuza husagika au hufunikwa wakafa. Mlipuko mmoja wa zamani unaweza kuendelea kuzuia uhai kwa miongo kadhaa, hata kama hakuna chombo kilichovua hapo tena. Mkikuta hali hiyo ndani ya mpaka wa hifadhi, msiandike kwamba ulinzi umeshindwa. Andikeni kwamba sakafu haijatulia, na mpime kifusi hicho kwa makini kama mnavyopima matumbawe hai.

Jambo ambalo huwachanganya wageni kuliko yote ni kupungua kwa idadi. Wale wanyama wa duara wenye miiba (kwa Kiingereza sea urchin), wanaokwangua mwani juu ya jiwe na kulimega jiwe lenyewe, hujaa pale ambapo samaki wanaowala wamevuliwa. Adui wao mkubwa ni kikande, ambaye meno yake huvunja gamba gumu bila taabu. Tafiti za miaka mingi katika hifadhi za Kenya zimeonyesha kuwa kikande wanaporudi, wanyama hao wa miiba hupungua, na mwamba hupata nafasi ya kujenga kuliko kumomonyoka. Mtu anayejumlisha idadi zote pamoja na kuona jumla imeshuka ataripoti hasara, ilhali ameshuhudia faida. Hesabuni kila kundi peke yake, na kila mara mjiulize nani anamla nani.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea kwa njia nyingine. Nilipima eneo la ndani ya mpaka siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, kisha eneo la nje wakati wa maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, nikafurahia tofauti kubwa niliyoipata. Mama mmoja mchokoaji pweza, aliyekuwa akipita na mchokoo wake, akasimama kunitazama. "Mwanangu," aliniambia, "juzi maji yalikauka mpaka mwamba wa nje, leo yamekufika kiunoni. Hivi vilivyojificha humo utaviona saa ngapi?" Nilifuta karatasi za juma zima. Tangu siku hiyo hupanga ratiba kwa mwandamo wa mwezi, na ninawasihi nanyi mfanye hivyo kabla hamjapanga jambo jingine lolote.

Mtakapogeuza jiwe, litazameni upande wa chini kwa utulivu: sifongo ya rangi ya chungwa, kaa mdogo kuliko kucha, kiti cha pweza mchanga (yule mnyama mwenye umbo la nyota), mayai ya konokono yaliyobandikwa kwa mistari. Sehemu kubwa ya utajiri tunaoutafuta iko hapo, kwenye kivuli. Jiwe likiachwa limepinduka, jua la bamvua moja huua vyote hivyo, na upande huo hugeuka mweupe. Lirudisheni kama lilivyokuwa, hata kama nahodha anawaita kwa sababu maji yameanza kujaa.

Tena kila kiumbe kina mwendo wake. Pweza huishi takribani mwaka mmoja hadi mwaka na nusu na hukua haraka, kwa hiyo mwamba uliofungwa kwa miezi mitatu unaweza kuwaonyesha wachokoaji tofauti ya uzito siku ya kufunguliwa. Matumbawe makubwa ya mviringo ya jamii ya Porites huongezeka takribani sentimita moja kwa mwaka. Ripoti ya miaka mitatu haiwezi kuwapima hao wawili kwa kipimo kimoja. Nyasi bahari ziko katikati, nazo hutegemea sana kama juya, wavu wa kuburuta, bado linakokotwa juu yake, kwa maana mizizi iking'oka mchanga huhama pamoja na chaza na minyoo waliojificha ndani yake.

Kuhusu kulinganisha nitasema kidogo tu: tafuteni nje ya mpaka mwamba wenye kina, mkondo na umbo sawa na ule wa ndani, kwa kuwa mara nyingi eneo hutengwa kwa sababu lilikuwa zuri tangu hapo.

Matokeo yapelekeni kwanza kwenye kikao cha kijiji, kwa majina ambayo wavuvi wenyewe huyatumia, na muanze na kikande. Wenye madema watawauliza kwa nini samaki mnayemsifu asiingie katika mtego wao, na ni haki yao kuuliza. Waonyesheni picha mbili za jiwe lilelile, moja ya wakati miiba ilipokuwa imelifunika na nyingine ya baada ya miaka kadhaa, kisha muwape nafasi wazungumze.