Insha za kukariri hazitamvusha binti yako

SWALI: Mwalimu, jambo. Binti yangu yuko shule ya bweni Kitwe, upande wa Zambia, na mwaka kesho ataandika mtihani wa mwisho wa sekondari. Kabla ya kuvuka mpaka alisoma kwa Kifaransa hapa Lubumbashi. Kiingereza cha kuzungumza sasa anakimudu, lakini insha zake zinarudi na alama chini ya nusu, na katika fasihi ya Kiingereza swali la shairi analiacha wazi kabisa. Likizo ya Agosti atakuwa nyumbani. Kituo kimoja cha lugha kinasema kitampa insha 50 zilizo tayari pamoja na orodha ya tamathali za semi, akariri vyote, na kwamba hiyo inatosha. Ni kweli? Kama si kweli, afanye nini hizo wiki chache? (Baba mmoja, Kampemba)

JIBU: Papa, jambo sana. Si kweli, na nitakueleza kwa urefu, maana kila likizo inapokaribia swali hili hili linanijia kutoka Katuba, kutoka Ruashi, hata kutoka Kipushi, na mara nyingi linakuja mzazi akiwa amekwisha lipa.

Binti yako si mvivu wala si mzito wa kichwa. Amepita katika mfumo ambao haukumdai aandike Kiingereza. Kwenye Exetat yetu, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, Kiingereza ni maswali ya kuchagua jibu: mtoto anasoma kifungu, anatazama majibu, anatia alama. Utungo mrefu, ile disertasio, unaandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo kijana anaweza kupata diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri bila kuwahi kujaza ukurasa mmoja wa Kiingereza kilichotoka kichwani mwake. Anavuka mpaka pale Kasumbalesa, na upande wa Zambia karatasi ya kwanza ya Kiingereza inamwambia: andika. Ya pili inamtaka aelewe kifungu, akifupishe, na ageuze sentensi bila kuharibu maana. Kuzungumza alijifunza bwenini, kwa wenzake, na ni jambo jema. Lakini anayekusikiliza hukusaidia: hukisia, huuliza, hukumalizia sentensi. Msahihishaji hamwulizi mtu kitu.

Na akikuletea matokeo, usikimbilie kufurahia namba kubwa. Zambia huhesabu kutoka 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. 9 ni kuanguka. Namjua baba aliyemnunulia mtoto simu mpya kwa sababu ya 8.

Sasa hizo insha 50. Kila kibanda cha fotokopi karibu na shule kinazo, zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala hadi herufi zimefifia, na zinauzwa kama vile mtihani ni mahali pa kuonyesha kumbukumbu. Anayesahihisha amepitia rundo la karatasi kabla ya kufika kwa binti yako. Ameshakutana mara nyingi na asubuhi angavu ambapo jua linawaka na ndege wanaimba. Anaijua insha ya kukariri kabla ya aya ya kwanza kwisha, na hata asipoijua itajifichua yenyewe: mistari sita ya Kiingereza kisicho na doa, chenye maneno ambayo msichana wa miaka 17 hayatumii popote, kisha kumbukumbu inakatika. Mstari wa saba unaanguka. Nyakati za vitenzi zinachanganyika, mjomba aliyekuwa mwanamume anakuwa mwanamke. Mtoto ambaye angeandika Kiingereza cha kawaida tangu mwanzo asingeonekana dhaifu hivyo. Ule mwanzo wa kuazima ndio unaomshtaki.

Swali linasema: simulia siku uliyomngoja mtu kwa muda mrefu. Mtoto amekariri ajali ya barabarani. Basi anamngoja mjomba kwa mistari minne, na katika mstari wa tano mjomba anagongwa na lori lililobeba shaba. Damu, kelele, hospitali, mawaidha kwa madereva. Ajali imeandikwa vizuri, lakini kungoja hakumo, na kungoja ndiko kulikoulizwa. Ajali hiyohiyo, na lori lilelile, nimeisoma ikiwa imeingizwa kwenye arusi na kwenye mechi ya mpira.

Wauzaji hawataji hasara nyingine, ile ya saa zilizopotea. Kuandika ni kuamua: nianze na lipi, niache lipi, hapa panatosha au niongeze. Anayekariri usiku kucha hajaamua hata mara moja. Anaingia chumba cha mtihani akiwa na mazoezi sifuri ya jambo atakalopimwa nalo.

Shairi nalo limezungukwa na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba shairi ni kitendawili chenye jibu moja lililofichwa, na mwenye jibu ni mwalimu peke yake. Ndiyo sababu binti yako anaacha wazi. Anaogopa kutegua vibaya. Ya pili ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba ukijua majina ya tamathali, basi shairi umelielewa. Mistari hii minne nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi. Haina neno gumu:

The kettle talks. My father does not.
He folds the letter smaller than his thumb.
Outside, the mine train carries off the day.
He says the rain is late. The rain has come.

Mwanafunzi wa orodha anaandika: mstari wa kwanza una tashihisi, kwa sababu birika linaongea. Anaweka kalamu chini, anangoja alama. Ni kubandika bei kwenye gunia bila kulifungua kuona kama ndani mna mahindi au makaa. Birika linaongea, sawa, lakini kwa nini lipewe sauti? Kwa sababu baba yumo chumba hichohicho na hasemi neno, na sentensi inayomhusu, fupi na kavu, imewekwa ubavuni mwa birika makusudi. Maji yanayochemka ndiyo yanayotufanya tusikie ukimya wake. Akiandika hivyo, kwa Kiingereza chepesi tu, amejibu. Jina la tamathali akilikumbuka aliongeze. Asipolikumbuka hajapoteza kitu kikubwa.

Twende mbele. Barua imekunjwa mpaka ikawa ndogo kuliko kidole gumba. Hatuambiwi ina habari gani, na mtoto asibuni (wengi huandika papo hapo kwamba mama amekufa). Tunachoweza kusema ni kwamba mtu hakunji hivyo barua iliyomfurahisha. Anataka iishe mkononi. Treni ya mgodi inaondoka na siku jinsi inavyoondoka na madini kila jioni: kitu cha hapa kinachukuliwa na hakirudi. Mtoto wa Lubumbashi ana haki ya kuuelewa mstari huo kuliko mtoto wa London, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kutumia anachokijua. Halafu mstari wa mwisho. Baba anasema mvua imechelewa, na mvua imekwisha fika. Wanafunzi huniambia mshairi amejipinga. La. Aliyekosea ni baba, kwa sababu macho yake hayako dirishani. Anasema lolote ili asiseme lile lililomo kwenye barua. Neno "huzuni" halimo popote katika mistari hii, na swali la mtihani huelekea kuuliza hapohapo: mshairi anatuonyeshaje hali ya baba? Mtoto ataje hali, anukuu maneno machache, maneno mawili au matano, si mstari mzima, kisha aeleze maneno hayo yanafanya kazi gani. Wengi hufika kwenye kunukuu wakasimama. Alama ziko kwenye hatua inayofuata.

Nao watoto wetu wanajua kazi hii, usidanganywe. Shangazi akija arusini na kitenge cha jina fulani, kila msichana pale anajua anamsema nani na kwa sababu gani, bila orodha ya tamathali. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba shairi la Kiingereza linasomwa kwa akili ileile.

Basi likizo. Asiandike insha ndefu kila siku, atachoka na atarudi kwenye kunakili. Aandike aya moja, maneno kama 150, kuhusu kitu alichokiona kwa macho yake siku hiyo: foleni ya maji, ugomvi wa kondakta na abiria kuhusu chenji, bibi akisonga bukari (ugali) huku akisimulia. Bila kamusi, bila simu. Kesho yake aiandike upya aya ileile bila kutazama ya jana, kisha aziweke pamoja azilinganishe. Hiyo ya pili ndiyo somo lenyewe. Ataona alichokikata, alichokiongeza, sentensi iliyonyooka. Mara moja kwa juma aandike insha kamili kwa muda uliopangwa, simu yake ikiwa mfukoni mwako.

Awe na daftari la makosa yake mwenyewe, si ya kitabu. Kwa anayetoka kwenye Kifaransa na Kiswahili nitayataja hata kabla ya kumwona: umri unaosemwa kwa "I have" badala ya "I am", "informations" kwa wingi, "he" na "she" kubadilishana, kwa sababu "yeye" wetu hajali, na barua rasmi inayoishia kwa fomula ya heshima yenye mistari mitatu, tafsiri ya ile ya Kifaransa, wakati Mwingereza anatosheka na "Yours faithfully". Wengine huleta hata mpango wa disertasio, hoja na kinyume chake na upatanisho, ndani ya hadithi ya safari ya kijijini.

Ufupisho ni rahisi: asikilize habari za redio kwa Kiingereza, azime, aandike sentensi tatu.

Mashairi mawili matatu mafupi kwa juma yanatosha. Asome kwa sauti mara mbili, kalamu ikiwa mezani. Kisha akuambie wewe, kwa Kiswahili, nani anasema, anamwambia nani, na kuna nini kilichobadilika kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Kiswahili hapo hakina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye kutafsiri neno kwa neno hadi mwisho, kwa sababu akimaliza ana orodha ya maneno, hana shairi. Wewe huna haja ya kujua Kiingereza kwa kazi hii. Mwulize tu, kila anapodai jambo: "Umeliona neno gani hata ukasema hivyo?" Asipokuwa na neno la kuonyesha, arudi asome.

Niseme na wazazi wengine pia, maana jambo hili limepita binti mmoja. Shule zetu hufunga Julai, Zambia mwaka wa masomo huanza Januari. Miezi hiyo katikati ndiyo msimu wa biashara wa vituo vyenye bango la "Kiingereza kwa miezi mitatu". Vipo vizuri vichache. Vingi vinauza fotokopi na kiti cha plastiki. Watoto 60 katika chumba kimoja wanaitikia kwa pamoja, hakuna anayeandika, na hakuna anayeweza kusahihisha daftari 60 hata angetaka. Mtoto anarudi nyumbani na salamu nzuri za Kiingereza, mzazi anaridhika, na ukweli unafunguliwa Novemba ya mwaka wa mwisho.

Siku hizi kuna njia nyingine ya mkato: mtoto anaipa simu kichwa cha insha, programu inamwandikia, naye ananakili kwa mwandiko mzuri. Hiyo ni insha ya 51. Kama anataka kuitumia simu, aandike kwanza yeye, ndipo aiulize sentensi gani ina kosa na kwa nini, halafu asahihishe kwa mkono wake.

Wanaouza "maswali yaliyovuja" kwenye makundi ya simu siwajadili sana. Kwenye Exetat karatasi zina serii tofauti, yaani watahiniwa hawapati karatasi moja, kwa hiyo hata majibu ya kweli yanaweza kuwa si ya mtoto wako. Zambia mtahiniwa akikamatwa na udanganyifu anaweza kufutiwa matokeo. Pesa ya mzazi hairudi kwa vyovyote.

Kabla hujakilipa kituo hicho, Papa, peleka insha mbili za binti yako zilizosahihishwa shuleni, uwaombe wakuambie kosa lake kubwa ni lipi. Uliza ataandika mara ngapi kwa juma, na nani atasoma. Wakikujibu kwa kukuonyesha rundo la fotokopi na bei, chukua karatasi zako uondoke. Tafuta mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu hapo mtaani kwenu, na mpatane umlipe kwa kila aya anayosahihisha mbele ya mtoto, si kwa mwezi.