Mwanangu, kuhusu zile sarafu za babu yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na picha zote tisa zimefika. Umeuliza swali moja: sarafu za babu uzipeleke kwanza kwa wataalamu zikapangiwe daraja, yaani zikaguliwe na kupewa namba ya ubora wake, au uziuze hivyo hivyo zilivyo. Nimekaa nalo siku tatu. Kila nikishika kalamu nikujibu, mawazo yanakimbilia ile dola ya 1881, na wewe unajua niliiuza mwaka gani na kwa nini. Mdogo wako alikuwa na siku nne, bado yumo kwenye kile kisanduku cha joto.

Ambalo sijawahi kukusimulia ni yaliyotokea pale mezani.

Ilikuwa dola ya fedha ya Marekani, hizi ziitwazo Morgan, na nyuma yake ina herufi ndogo S, alama ya kiwanda cha San Francisco. Babu yako alinifundisha kuishika ukingoni kwa vidole viwili na kuiinamisha polepole chini ya taa. Mng'ao ulikuwa ukizunguka juu yake kama mapanga ya feni. Sarafu iliyopita mifukoni mwa watu haing'ai hivyo.

Mnunuzi aliweka kioo cha kukuza jichoni, akanyamaza, kisha akanionyesha vistari vyembamba mbele ya uso wa yule mwanamke wa kwenye sarafu. Akasema, "Hii imesuguliwa. Kuna mtu kaifuta kwa kitambaa." Sarafu iliyosafishwa inashuka thamani vibaya, mwanangu, hata hao wapanga daraja huinyima namba, wakaandika tu kwamba ni ya kweli ila ina kasoro. Mimi vile vistari nilikuwa nikivijua tangu utoto. Nilijua pia kwamba vinaishia pale kidevu kinapoanza, havipandi shavuni hata kimoja. Nikanyamaza. Nikapokea alichonipa, nikaenda hospitali.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Kitambaa hakichagui pa kupita: kinakwaruza uwanja, yaani sehemu bapa ya sarafu, na uso pamoja, na mkwaruzo wake huchimba. Vistari vyetu vilikuwa vimeinuka. Vilitoka kwenye muhuri wa chuma unaogongea sarafu, ambao mafundi wa kiwandani waliusugua kuulainisha. Kila mkwaruzo wa kwenye chuma ukazaa mstari uliotuna kwenye fedha. Na kwa kuwa kwenye muhuri ule uso ni shimo, kule ndani msuguo haukufika. Dola ile ilizaliwa na vistari vyake. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba nilikubali, kwa kunyamaza kwangu, kuwa baba yangu alikuwa mtu wa kusugua fedha kwa kitambaa. Yeye aliyekuwa ananawa mikono kabla ya kufungua lile kopo la sarafu!

Ndiyo maana nasema kila siku, jicho lako kwanza, halafu la mtaalamu.

Utasema basi jibu ni rahisi, zipelekwe zote. Na mimi nusura niandike hivyo. Kampuni za Kimarekani za kupanga daraja zilikuwapo: PCGS ilikuwa inafanya kazi hiyo tangu 1986 na NGC tangu 1987. Siwezi kujitetea kwamba huduma haikuwepo. Dola za 1881 zenye S zilifuliwa zaidi ya milioni 12, na kwa sarafu nyingi kiasi hicho daraja ndilo linalotenganisha bei ya fedha tupu na bei ya sarafu. Ingekuwa ndani ya kasha la plastiki ambalo wapanga daraja huifungia sarafu, na namba yake juu, yule bwana angesema nini?

Lakini nikitulia najipinga mwenyewe. Kwanza mdogo wako asingengoja sarafu iende na kurudi. Pili, hebu tazama ulichonacho. Dola tano za 1921, mwaka ambao Morgan zilifuliwa nyingi kuliko miaka mingine yote, na zako zina makovu ya kugongana ndani ya magunia. Reale tatu za Maria Theresa, yule mtawala wa Austria, zimeandikwa 1780, kama zilivyoandikwa zote zilizoendelea kufuliwa baada ya kifo chake hadi zama zetu, kwa hiyo mwaka ule peke yake hausemi kitu. Ada ya kupangiwa daraja, posta, bima ya kwenda na kurudi: kwa hizo nane sioni namba itakayorudisha gharama. Na namba yenyewe, kati ya 1 na 70, ni macho ya watu. Wapo wanaovunja kasha na kuituma tena sarafu ile ile, wakitumaini safari hii itapanda.

Inabaki ile dola ya 1893 yenye S. Hapo ndipo nashindwa kukujibu. Zenye S za mwaka huo zilifuliwa laki moja tu, na walaghai wamezoea kuchukua dola ya Philadelphia, ambayo haina herufi, wakaibandika S. Babu yako aliiamini ile sarafu mpaka anaingia kaburini. Ningekuambia ipeleke leo hii, maana hakuna mnunuzi makini atakayeikubali kwa maneno. Sisemi, kwa sababu ni yako, na kwa sababu ikirudi imekataliwa, kuna jambo la babu yako tutakuwa tumelivunja.

Ila kabla hujaamua, nifanyie hili. Usiifute. Ishike ukingoni, chini ya taa moja, na kioo cha kukuza. Za kweli zote zilitoka kwenye muhuri mmoja wa upande wa kichwa, na muhuri huo ulikuwa na mkwaruzo. Soma neno LIBERTY kwenye utepe wa nywele, usimame kwenye T. Sehemu ya juu ya herufi hiyo, kama haijasagika, kuna kistari kilicholala mshazari. Niandikie kama unakiona, na kama kimeinuka au kimechimbika.

Baba yako